Msomaji wa Karatasi wa Bloku ya Sita

Watu humu ndani wana visu, wana nondo zilizonolewa kwenye sakafu, wana makufuli ndani ya soksi. Mimi nina miwani. Kwa miaka ishirini na miwili katika gereza la Cutler Bend sijamchoma mtu kisu hata mara moja, na bado ukiniuliza nani muuaji katika bloku hii, sitaweza kukutazama usoni.

Kazi yangu ni kusoma karatasi. Kila mfungwa mpya anayeletwa upande wetu wa bloku, upande wa watu weusi, hupewa wiki mbili aandike barua kwenye mahakama iliyomhukumu, aletewe orodha ya kesi yake: kila kilichowasilishwa mbele ya hakimu, tarehe kwa tarehe, mstari kwa mstari. Zikifika kwa posta zinaletwa kwangu. Naangalia kama aligusa mtoto. Naangalia kama alimtaja mwenzake ili apunguziwe kifungo. Nikisema ni safi, anakula meza yetu. Nikisema ananuka, basi, mambo yake yameisha. Wengi hapa kusoma kunawapiga chenga, na wanaoweza kusoma hawaijui lugha ya mahakama. Mimi niliijua kwa kuhangaika na rufaa yangu mwenyewe mpaka ikafia mikononi, ndiyo maana jina langu la kuzaliwa, Cleophus Baines, hakuna anayelikumbuka. Wananiita Wakili. Nilikuwa nalipenda sana hilo jina, mpumbavu mimi.

Mwezi wa tano nililetewa karatasi za kijana mmoja kutoka mji wa Helena, Wendell Crace. Mwembamba, mwenye tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Kwenye orodha yake palikuwa na mistari miwili isiyoeleza kitu. Tarehe, halafu neno moja: Imefungwa. Maana yake hakimu ameamuru karatasi ile isionwe na mtu. Sisi tulijua, au tulijiona tunajua, kwamba hakimu hafungi karatasi bure. Anaifunga ili kumficha aliyesema. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, nataka kahawa yangu. Nikamwambia Shemasi, "Huyu ananuka." Nikapuliza kahawa nikanywa.

Shemasi ni Rayford Stiles, mkubwa wetu wa bloku. Ana kifungo cha maisha na Biblia yenye jalada la ngozi, hapandishi sauti, wala hajawahi kunigusa hata kwa kidole. Kahawa ile alikuwa amenipa yeye.

Walimmaliza Wendell siku ya Jumanne kwenye shamba la bamia. Sisi hulima kwa kikosi, watu thelathini wenye nguo nyeupe wamepangwa bega kwa bega, majembe yanapanda na kushuka pamoja huku kiongozi wa mstari akiita mapigo. Bosi Hatcher yuko mbele juu ya farasi wake. Askari mwingine mwenye bunduki yuko mbali kule barabarani. Sheria yetu inasema mwenzako wa seli ndiye anaanza, kwa sababu aliyelala chini ya paa moja na mtu anayenuka lazima ajisafishe. Basi akaanza Tooley, aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake. Jembe lilipanda pamoja na mengine yote, likashuka peke yake. Lilimpata Wendell juu ya sikio. Akageuka na uso wa mtu anayetaka kuuliza swali, na la pili likamchukua mdomo. Nilikuwa nafasi ya nne kutoka kwake. Damu ilifika kwenye suruali yangu. Aliishi siku sita hospitalini, kisha hakuishi tena.

Mwezi wa saba mama yake alituma furushi kwenye maktaba ya sheria ya gereza, limeandikwa kwa yeyote anayesaidia rufaa. Alitaka jina la mwanawe lisafishwe. Ndani yake palikuwa na zile karatasi mbili zilizofungwa, mahakama ilikuwa imezifungua kwa ombi lake. Zilikuwa ripoti za daktari. Zilieleza mambo aliyofanyiwa Wendell na baba yake mdogo tangu akiwa na miaka tisa. Hakimu alizifunga kwa kumwonea huruma, asiaibike. Hakumtaja mtu. Hakuwahi kumtaja mtu yeyote.

Nilitapika kwenye kapu la taka la maktaba. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujipiga ngumi: nilizichana zile karatasi vipande vidogo vidogo nikazitupa chooni, nikavuta maji mara tatu. Kwa sababu kuna sheria nyingine, ya zamani kuliko mimi. Msomaji akimsema mtu vibaya kwa makosa, analipa kile kile alicholipa yule aliyesomwa. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kutumia. Niliogopa kufa, nikanyamaza, na kila asubuhi nikaendelea kupokea kahawa ya Shemasi.

Mwezi wa nane wakamtupa Emory Pruitt kwenye seli yangu.

Ana miaka ishirini na sita, anatoka Pine Bluff, ni mkubwa wa mwili na laini, mikono kama ya mwokaji mikate. Anafua soksi zake mara mbili kwa siku kwenye sinki. Alipoingia aligonga nondo za mlango kwanza, akasubiri nimkaribishe, nikajua kuna mtu amemlea huyu.

"Anko, naruhusiwa?"

"Mimi si anko wako. Kitanda cha juu. Ukienda haja unavuta maji kabla hujamaliza, unasikia? Mara mbili. Siishi na harufu za watu."

"Sawa anko."

Alinichekesha, niseme kweli. Tulikuwa tukirudi kutoka shambani, tumevuliwa nguo zote getini kama kawaida, buti zimegongwa ukutani, midomo wazi, askari anamulika tochi kila mahali ambapo mama yako tu ndiye alipaswa kupaona, na Emory ananinong'oneza, "Anko, yule farasi wa Bosi Hatcher hajawahi kuvuliwa hata siku moja. Na anakula shayiri. Sisi tulikosea wapi?" Nikacheka mpaka askari akanipiga kibao cha kisogo. Jioni alipika tambi kwa maji ya moto ya bomba, akaponda chipsi za mahindi juu yake, akagawa katikati kwa kijiko. Akanisukumia fungu kubwa. Nilikasirika kwa jinsi nilivyoanza kumpenda. Mtu katika kazi yangu hapaswi kujua mtu fulani anakoroma vipi.

Karatasi zake zilifika siku ya Alhamisi. Nilikwenda mstari kwa mstari na kidole changu. Mashtaka: kumwendesha muuaji kwenye gari. Mstari wa kumi na nne: tarehe, halafu Imefungwa.

Nilihisi meno yamekuwa baridi. Nikazikunja nikazitia chini ya godoro, lakini Tooley alikuwa ameshazichungulia wakati zinagawiwa, na kabla ya chakula cha jioni Shemasi alisimama mlangoni kwangu.

"Nasikia mgeni wako kaletewa posta."

"Bado nasoma."

"Soma taratibu. Jumapili, uwanjani, utanieleza." Alimtazama Emory, aliyekuwa akikamua soksi na kumtabasamia kwa adabu. "Ni mwenzako wa seli, Wakili. Kama ananuka, unajua nani anaanza."

"Najua, Shemasi."

"Hujawahi kuanza. Utajifunza. Si vigumu."

Sasa elewa nilivyobanwa. Nikisema Emory ananuka, nitalazimika kuinua jembe na kumpasua kichwa mtu aliyenipa fungu kubwa la tambi. Nikisema ni safi, Tooley atauliza inakuwaje neno lile lile lililomuua Wendell halimgusi huyu, na hapo sina jibu ila ukweli, na ukweli una bei yake. Mmoja wetu angelimwa Jumatatu.

Ijumaa nilishindwa kulima. Kila jembe langu lilipokata shina la bamia bichi nilisikia ule mlio wa sikio la Wendell. Nilikuwa nachelewa mapigo. Kiongozi wa mstari anaita, wote wanashusha, mimi nashusha nyuma yao kama mlevi anayejibu salamu ya jana. Bosi Hatcher akamleta farasi, akamsimamisha juu yangu mpaka povu lake likanidondokea shingoni.

"Baines! Unalima au unabembeleza?"

"Nalima, bosi."

Alinikanyagisha. Ukwato ulishuka juu ya mguu wangu wa kushoto, kucha ikang'oka ndani ya buti. Hakuna aliyegeuka kutazama. Tooley, upande wangu wa kulia, akasema bila kusogeza midomo, "Wakili anatetemeka. Jembe limemtisha. Ndiyo hasara ya kushika kalamu, mikono inakuwa ya bibi harusi." Watu wakacheka. Kwa dakika nzima nilipima umbali kati ya shingo ya Tooley na jembe langu, nikaona naweza, na nikaona nataka. Nilitaka kumuua mtu yeyote. Ningeanza na yeye, kisha farasi, kisha mimi mwenyewe.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilipata wazo nililoliona la akili. Nitampiga Emory mpaka aite askari. Mtu akiita askari na kusema anaogopa, wanamhamisha siku hiyo hiyo, anafungiwa peke yake upande mwingine ambako hakuna anayeweza kumfikia. Hatarudi bloku. Sitasoma, sitaanza, sitasema. Nilivua miwani nikaiweka juu ya sinki. Alikuwa ameinama anafua soksi.

Nilimpiga teke la nyuma ya goti akaangukia choo. Paji la uso lilipasuka kwenye ukingo wa chuma. Kabla hajageuka nilimpiga ngumi ya figo, mbili, tatu, nikamshika shati nikamgonga kichwa ukutani.

"Nenda mlangoni! Ita askari! Waambie unaogopa!"

"Anko, nimefanya nini?"

"Ita askari, nimekwambia!"

Nilimpiga mdomoni nikasikia jino linaniingia kwenye kiungo cha kidole. Ana nguvu mara mbili yangu, angeweza kunikunja kama shuka, lakini alikaa sakafuni anajikinga na mikono yake minene na kunitazama. Hilo lilizidi kunitia wazimu. Nikampiga kwa buti. Ubavu ukalia kwa ndani. Watu wa seli ya jirani wakaanza kugonga ukuta kwa furaha, mmoja akapaza sauti, "Wakili! Mahakama imeketi!"

"Siendi," Emory akasema. Damu ilikuwa inamtoka puani na mdomoni na hakuifuta. "Niue hapa hapa. Kule siendi."

"Kule watakulinda, mjinga wewe!"

"Kule jela ya kaunti walinifungia peke yangu miezi kumi na moja. Bila dirisha. Nilijinyonga kwa shuka mara mbili, mara ya pili walinikuta nimeshakuwa wa buluu. Anko, mimi nikirudi peke yangu sihitaji mtu wa kuniua. Nitajimaliza kabla ya wiki."

Nikamwachia. Nikakaa juu ya kitanda, nahema kama mbwa. Sikuwa hata na haya ya kumwomba radhi. Nikamwambia yote kuhusu mstari wa kumi na nne, kuhusu Jumapili. Sikumwambia kuhusu Wendell.

"Ni karatasi ya daktari," nikasema. "Sivyo? Ya kule kujinyonga kwako. Niambie ni ya daktari."

Angeweza kunidanganya. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakunidanganya.

"Si ya daktari, anko. Ni mimi. Nilisema."

"Funga mdomo."

"Binamu yangu Lonnie aliniambia nimwendeshe tu, anakwenda kumtisha mtu. Akampiga risasi yule mama anayekaanga samaki pale kona ya kwetu. Alikuwa akinipa samaki bure tangu nikiwa mdogo hivi. Alianguka kwenye mafuta yake yenye moto. Bado alikuwa hai, anko, kwenye yale mafuta. Lonnie anacheka. Basi nikaenda nikasema. Na kesho ningeambiwa niseme, ningesema tena."

Kwa hiyo sasa nilikuwa na jibu langu. Wendell, ambaye hakusema kitu, nilimuua kwa kusema amesema. Na huyu hapa, ambaye kweli kasema, ambaye kwa sheria zote ninazozijua kichwa chake ni halali, amekaa miguuni pangu anameza damu yake. Kama ni haki niliyokuwa naitumikia miaka yote hii, basi haki ilikuwa imenipa kazi rahisi kabisa. Ningesema ananuka na safari hii ningekuwa sahihi.

Nililoa kitambaa nikampa ajifute. Sikumwambia nitafanya nini kwa sababu sikuwa najua.

Jumapili jua lilikuwa kali, zege la uwanja linachoma hadi kwenye soli. Shemasi alikuwa ameketi kwenye benchi la chuma, Biblia pajani, anamenya chungwa. Tooley alisimama nyuma yake. Wengine kama kumi walijifanya wanacheza domino. Emory alikuwa karibu na ukuta, jicho moja limeziba, anajua watu wanamzungumzia.

"Tusomee, Wakili," Shemasi akasema.

"Ni safi."

"Safi?" Tooley alicheka. "Mimi si msomi, lakini neno la mstari wa kumi na nne nalijua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Imefungwa. Umemtandika jana mpaka bloku nzima ikasikia, na leo ni safi? Amekupa nini?"

"Neno lile halina maana tuliyodhani."

"Tuliyodhani nani?" Shemasi aliuliza, taratibu. Aliacha kumenya chungwa.

Nilikuwa bado naweza kurudi nyuma. Nilitazama bwawa la jasho kwenye mkunjo wa mkono wangu, nikamtazama Emory, na mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Niliyodhani mimi. Wendell Crace hakumtaja mtu. Zile zilikuwa ripoti za daktari, mama yake alizituma, nilizisoma kwa macho yangu. Alichafuliwa akiwa mtoto na hakimu akamsitiri. Mimi ndiye niliyesema ananuka. Nilikosea. Na za huyu dogo ni za daktari vile vile, za akili, alijinyonga mara mbili kule kaunti. Hakusema neno."

Uongo ule ulitoka laini, hata mimi nilishangaa. Ulikuwa umebebwa na ukweli mzito kiasi kwamba hakuna aliyeuona.

Tooley alinifikia kabla sijamaliza. Hakunipiga kama mtu anayetimiza sheria. Alinipiga kama mtu anayezama maji, ngumi zinakuja popote, koo, kifua, sikio, na huku analia kwa sauti. "Uliniambia ananuka! Alikuwa anacheka na mimi kitandani! Nilimpiga mdomoni, Wakili, ulinifanya nimpige mdomoni!" Nilianguka. Sikujikinga. Nilitaka aendelee, na niseme wazi, kila ngumi ilinipa nafuu niliyokuwa sijaipata tangu mwezi wa saba.

"Si hapa," Shemasi akasema. "Mnara unatuona."

Walimvuta Tooley. Shemasi aliinama karibu nami, harufu ya chungwa ikiwa mikononi mwake.

"Umejua tangu lini?"

"Mwezi wa saba."

"Na mwezi wa saba ukanywa kahawa yangu. Na wa nane ukanywa."

"Nilikunywa."

"Nina kifungo cha maisha, Wakili. Nitakutana na Mungu nikiwa na damu nyingi mikononi, lakini yote nilidhani naijua ni ya nani." Alinyoosha mgongo, akamwita Emory kwa kidole. "Dogo, wewe ni mwenzake wa seli?"

"Ndiyo, bwana."

"Kesho shambani utaanza."

Jioni ile hatukula. Nilisubiri Emory aseme hatanigusa. Nilikuwa na jibu tayari, ningemwambia asiwe mjinga, watamuua na yeye. Lakini nilitaka alitamke kwanza. Alifua soksi zake. Alizikamua, akazitundika kwenye nondo ya kitanda, akasimama pale akinipa mgongo.

"Upande gani, anko?"

"Nini?"

"Nikupige upande gani?"

"Usiniulize mimi!" nilimfokea. "Unataka nikuchoree?"

Nikalala, nikageukia ukuta.

Asubuhi tulikunywa uji, tukapanda tela, tukashushwa shamba lile lile la bamia. Mtu mmoja wa maana alikuwa amepanga mstari upya bila kusema. Nilijikuta katikati, Emory kushoto kwangu, Tooley kulia. Bosi Hatcher alitupa mgongo anazungumza na yule mwenye bunduki. Majembe yakapanda. Nilikuwa nimejiapiza sitageuka. Niligeuka.

Emory alilia huku ananipiga. Pigo la kwanza lilikuwa kwa kisigino cha jembe, upande butu, na lilinivunja taya. Nilisikia kama mtu amekanyaga sahani ndani ya kichwa changu. Nilianguka magotini nikatema meno kwenye udongo, na nilimshukuru, nakuapia, nilimshukuru kwa kutumia upande butu. Sheria ilikuwa imetimia. Alipaswa kurudi nyuma na kuwaachia wengine.

Hakurudi nyuma. Aliligeuza jembe. Nilimwona akiligeuza, mikono ile ya mwokaji ikizungusha mpini polepole, na machozi yakakauka usoni pake, na nikaelewa jambo ambalo msomaji mzuri angelielewa tangu Jumamosi. Duniani kote ndani ya uzio ule, mtu mmoja tu alijua kuwa Emory Pruitt amesema. Na mtu huyo alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Pigo la pili hakuna aliyemwagiza. Lilikuja na makali. Niliinua mkono, likachukua vidole viwili na nusu ya sikio, likaingia begani likakwama kwenye mfupa. Akaweka buti kifuani pangu avute apige la tatu. Risasi ikalia kutoka barabarani, ikafuata nyingine, udongo ukaruka, watu wote wakalala kifudifudi na Emory akalala nao, jembe lake likiwa limetupwa katikati ya majembe mengine ishirini na tisa yenye udongo na damu ya malengelenge ya kila mtu.

Nina wiki tatu sasa katika zahanati. Taya imefungwa kwa waya, nanywa supu kwa mrija. Nasikia kutoka kwa mfagiaji kwamba Emory anakula meza ya Shemasi, kwamba watu wanamheshimu, kwamba amehamia seli ya Tooley na wanapika tambi pamoja. Namchukia. Kisha nakumbuka karatasi nilizozitupa chooni kwa sababu ya woga ule ule, na chuki inakosa mahali pa kukaa. Usiku na mchana nimepima: neno moja kwa Shemasi, na Emory hafiki Ijumaa. Neno moja kwa askari, na anafungiwa peke yake kwenye chumba kisicho na dirisha. Sijawahi kuwa na maneno yenye nguvu hivi hata siku zile watu waliposimama foleni mlangoni kwangu.

Leo amekuja mpelelezi wa gereza, mwanamke mmoja aitwaye Voss, mwenye faili na uso uliochoka. Amevuta kiti karibu na kitanda.

"Baines, wote ishirini na tisa wanasema walikuwa wanatazama chini. Bosi Hatcher hakuona. Najua huwezi kuzungumza, basi nimekuletea karatasi. Sitaki maelezo. Niandikie jina tu la mtu aliyefanya haya, na nitakuhamisha jimbo lingine wiki hii. Jina moja."

Aliniwekea kalamu katikati ya vidole vilivyobaki. Ilinichukua muda mrefu, mkono wenyewe haujazoea bado. Nilipomaliza aliivuta karatasi, akaisoma, akakunja uso.

"Cleophus Baines," akasema. "Hili ni jina lako wewe. Nimekuuliza nani alifanya haya."

Aliirudisha karatasi juu ya blanketi akaigonga kwa ukucha, chini ya nilipoandika, nijaribu tena. Nilimsukumia ilivyo.